Impela haifunguliwi kwa nyundo: vifaa vya pampu ya jetski tunavyochonga hapa Mombasa

Wiki mbili kabla ya Krismasi kuna kijana alitushushia pampu ya jetski pale mlangoni, ameileta ndani ya gunia kwa bodaboda, na neno la kwanza aliloniambia ni "fundi, hii impela imekataa kutoka". Impela ni ile feni ya ndani inayosukuma maji. Nilipoitoa pampu kwenye gunia nikaona mwenyewe. Mabawa mawili yamegongwa na tindo mpaka yamepinda, la tatu limemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha wa gumba, na shafti imeng'atwa na pipe renchi pale pale ambapo beringi inakaa. Na kisa chote hicho alikuwa anataka kubadilisha ringi tu, ile ya plastiki inayoizunguka impela. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mahali pengine, fundi hana kifaa cha kufungulia, akaanza kupiga. Ringi peke yake angelipa na kurudi kazini siku ya pili. Sasa akatakiwa kununua ringi, impela na shafti, tena wakati wageni ndio hao wamejaa bichi na chombo chake kiko juu ya matofali.

Hii sio mara ya kwanza, na ndio sababu naandika. Pampu nyingi tunazopokea zingetengenezeka kwa pesa kidogo kama hazingefunguliwa kwa nguvu. Mchanga unazichosha, ni kweli, lakini nyingi zinakufia mezani kwa fundi, siku ya kufunguliwa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona ndani yake. Jetski haina propela ya nje kama boti. Injini inazungusha shafti ndefu, ile shafti ina meno kwenye ncha, yale meno yanaingia ndani ya impela kwa upande wa mbele. Impela iko ndani ya bomba, inavuta maji kutoka chini ya chombo kupitia wavu, inayasukuma nyuma, yanapita kwenye mabawa mengine yaliyosimama ambayo kazi yake ni kuyanyoosha maji yaliyokuwa yanajipinda, halafu yanabanwa kwenye pua na kutoka kwa kasi. Hiyo ndio inakusukuma. Sasa kati ya ncha za impela na ukuta wa ringi nafasi inatakiwa iwe ndogo sana, ikiwa mpya haifiki hata nusu milimita. Ikipanuka maji yanarudi mbele badala ya kwenda nyuma, impela inapiga mapovu, na hapo ndio unasikia mteja anasema "injini inalia lakini haikimbii". Watu wanakimbilia kubadilisha plagi na kusafisha injini wiki nzima, kumbe shida iko nyuma kabisa. Chukua fila gegi, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, pitisha kati ya bawa na ringi, zungusha impela upime sehemu kama nne hivi. Sisi tukikuta inakaribia milimita 1 kwenye Sea-Doo hatujadili, ringi inatoka.

Kidogo kuhusu majina kwa sababu yanatuletea mkanganyiko kila siku. Huku kwetu kila kitu ni jetski, lakini Jet Ski ni jina la Kawasaki wenyewe tangu miaka ya 1970, za Yamaha zinaitwa WaveRunner, na Sea-Doo ni za BRP wa Canada. Ukituandikia "nataka kifaa cha jetski" bado hujatuambia kitu, ni kama kuingia dukani ukasema nataka kiatu bila namba. Meno ya Yamaha hayaingii kwa Sea-Doo, na hata Sea-Doo kwa Sea-Doo zinatofautiana, Spark ina pampu ndogo ya mm 140, zile kubwa zenye nguvu unakuta mm 159 au 161.

Mchanga tunaujua wote. Maji ya bamvua yakitoka pale Bamburi au Nyali yanakwenda mbali, na kijana ana mgeni ameshalipa, basi anawasha hapo hapo kwenye maji ya goti. Pampu inavuta mchanga, vipande vya matumbawe, mwani, kamba za nyavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Kenya 2017 na kusema kweli imepungua sana kwenye wavu, lakini kamba za nyavu bado ziko na kamba ikijizungusha kwenye shafti inakula mpaka sili, ile mpira ya kuzuia maji yasiingie. Kitabu cha Sea-Doo kinataka angalau sentimita 90 za maji chini ya chombo kabla hujawasha. Sukuma mpaka maji ya kifua, mgeni atasubiri dakika mbili, sio mbaya.

Turudi kwa impela kukataa. Kwa nini inakuwa ngumu hivo? Ni kwa sababu haikushikwa na nati ambayo unaiona ukaiweka spana. Impela yenyewe imejifunga kwa thredi kwenye shafti fupi iliyo ndani ya pampu, na injini ikizunguka inazidi kuikaza, kila ukibonyeza mafuta inakaza, kwa hiyo baada ya misimu miwili iko kama imechomelewa. Ongeza chumvi. Ongeza ile gundi ya thredi ambayo kiwandani waliipaka makusudi isilegee. Njia ya kuifungua ni moja tu, ushike shafti kwa nyuma isizunguke, uingize kitu chenye meno yale yale kwa mbele, halafu uvute taratibu na bomba refu. Hakuna mahali pa kupiga. Ukipiga bawa unaharibu bawa, na bawa likipinda hata kidogo tu impela inatetemeka, na mtetemo ule unakwenda kula beringi na sili uliyoweka jana.

Na hapa kuna jambo naomba mlishike kabisa. Yamaha thredi zake ni za kushoto. Unafungua kwa kuzungusha kule ambako kawaida mtu anakazia, yaani kama mshale wa saa. Sea-Doo zile tunazopokea zaidi ni kinyume chake, zinafunguka kawaida. Nimeona mtu mzima, fundi mzuri wa gari mwenye miaka yake kwenye kazi, amening'inia kwenye bomba la mita moja na nusu anaikaza impela ya Yamaha saa nzima akidhani anafungua. Soma kitabu cha modeli yako kwanza. Na spana ya hewa ile ya kupigapiga usiitumie, vitabu vya Sea-Doo vinaikataza, unataka nguvu ya kuvuta iliyotulia.

Kifaa cha kwanza tulichotengeneza kilitoka kwenye shafti mbovu. Wazo sio letu peke yetu, mafundi wengi duniani wanafanya hivo: shafti ndefu ya injini tayari ina meno yanayoingia kwenye impela, kwa hiyo ukipata iliyopinda unakata kipande cha ncha, unachomelea nati kubwa nyuma, umepata kifaa. Tulikitumia na kilifungua pampu kadhaa, lakini kikaanza kujipinda. Ile shafti ilikuwa imeshalika meno upande mmoja, na joto la kuchomelea likakilainisha zaidi, na kifaa chenye meno legelege ni hatari kuliko kukosa kifaa maana kinateleza na kusaga meno ya impela kwa ndani. Meno ya ndani yakisagika ile impela ni ya kutupa.

Kwa hiyo sasa tunachonga upya kwa EN24, chuma kinachokubali kukomazwa kwa moto. Tunakereza kwenye lethi mpaka saizi, tunakwenda kukata meno kwa mashine ya miling jino moja moja kwa kugawanya duara, halafu tunakitia moto mpaka chuma kifike rangi yake, kama digrii 840, tunakizamisha kwenye oili. Hapo kinakuwa kigumu sana, na ukikitumia hivo kitakatika kama glasi, kwa hiyo kinarudi tena kwenye moto mdogo kipunguze ukali kibaki na uvumilivu. Hii hatua ya pili ndio watu wengi wanairuka wakiharakisha pesa, sisi haturuki, na kama kifaa chetu kimekatika meno kwa kazi ya kawaida kirudishe, tutakuchongea kingine. Kwa nyuma tunaacha kichwa cha pembe sita kinachoingia kwenye soketi ya 27, na bei ni shilingi 3,800. Cha kuagiza kutoka nje ni kizuri, sikatai, lakini ukishalipa usafiri na ushuru na ukangoja, msimu umeisha.

Kishikio cha shafti ni shilingi 2,200. Kazi yake ni kushika ule mwisho wa nyuma, ambao pampu nyingi umetengenezewa sehemu ya kushika, bapa au pembe sita kulingana na modeli, na kifaa ndio kinakaa ndani ya jiliwa badala ya shafti yenyewe kubanwa. Nasisitiza kwa sababu kwenye pampu nyingi za zamani za Sea-Doo zile beringi za sindano zinatembea moja kwa moja juu ya ngozi ya shafti. Alama moja tu ya pipe renchi pale na hakuna beringi mpya itakayokaa vizuri tena.

Ya ringi ni rahisi kabisa na hata ukitaka unaweza kujitengenezea, sitakasirika. Ringi ya zamani unaikata sehemu mbili kwa msumeno wa chuma, polepole usiguse nyumba ya aluminiamu, yaani ganda la pampu, unaingiza bisibisi kati ya ringi na nyumba, unaikunja kwa ndani inatoka. Kuingiza mpya ndio watu wanaipiga nyundo inaingia upande, inapasuka. Unachohitaji ni bamba mbili za chuma cha mm 6 zenye tundu katikati na fimbo ya thredi, unakaza nati inajivuta ndani ikiwa imenyooka. Mimi ringi naiacha kwenye friza usiku kucha, asubuhi imejikunja kidogo inaingia bila vita. Seti yetu ni 2,500, na tumechonga ukingo wa bamba ukae sawa na ringi ili usiteleze.

Kuna na visukumio vya beringi na sili, vya aluminiamu na vya nailoni, hivi tunachonga kwa saizi unayotaka. Beringi ikiingia kwenye nyumba isukumwe kwa duara la nje. Shafti ikiingia kwenye beringi, shikilia duara la ndani. Ukikosea hapo zile gololi zinabonyeza njia yake na utasikia ngurumo baada ya wiki mbili majini, na utasema beringi ilikuwa feki.

Kuhusu moto. Impela ikikataa hata na kifaa, gundi ya thredi ile kali inalainika ukifika kama digrii 250, kwa hiyo unapasha kitovu cha impela kwa gesi taratibu, unazungusha moto, halafu unavuta ikiwa bado ya moto. Lakini jua kwamba ringi ya plastiki na sili zote hapo zimekwisha, usipashe pampu ambayo ulipanga kurudishia ringi ile ile. Na wakati wa kufunga safisha thredi zote, paka gundi mpya, kaza kwa kipimo cha kitabu, na meno ya shafti yapate girisi isiyotoka na maji.

Impela hatutengenezi na mabawa yaliyomeguka hatuchomelei, hatuna mashine ya kupima mizani na sitaki kukurudisha baharini na kitu kinachotetemeka. Kwa hilo tutakuelekeza.

Kwa mwenye chombo kimoja tu, ambaye atafungua pampu mara moja kwa mwaka, usinunue, kodi. Ni shilingi 500 kwa siku, unaacha kitambulisho na unarudisha kikiwa kimefutwa maji ya chumvi. Kwa jamaa wa Diani na Watamu tunatuma kwa basi, na wa Zanzibar tumeshatuma mara mbili kupitia watu wanaosafiri, inawezekana tukielewana.

Ukiagiza tutumie picha ya pampu kwa upande wa mbele ukiwa umetoa shafti, meno yaonekane vizuri. Yahesabu mara mbili. Pima kwa vernia upana wa tundu kutoka ncha ya jino mpaka ncha ya jino, halafu kutoka shimo mpaka shimo, na kina tundu linaingia mpaka wapi. Andika modeli na mwaka. Kama meno yana uchafu safisha kwa brashi kwanza, tulishachonga kifaa kizima kwa kipimo ambacho nusu milimita yake ilikuwa chumvi.

Saa hii tunajaribu kifuniko cha kupimia kuvuja, cha zile pampu za Sea-Doo zenye oili ndani ya koni, kile kifuniko cha nyuma ya pampu. Unakifunga badala ya koni, unajaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka psi 10, unangoja dakika 10 huku umepaka maji ya sabuni kwenye sili, mshale wa geji ukishuka hujamaliza kazi. Ukiwahi kufungua koni ukakuta oili nyeupe kama maziwa, yaani maji yameshaingia, utaelewa kwa nini tunakitaka. Cha kwanza kilivuja chenyewe kwenye oringi, cha pili kimeshika. Tukikipitisha kwenye pampu kumi tutaanza kukiuza.

Na kama una shafti iliyopinda imelala nyuma ya banda usiiuze skrap. Tuletee tunaipima meno yake, tunaweka kipimo kwenye daftari letu, na tunakupunguzia shilingi 500 kwenye kifaa chochote. Kuanzia Aprili mpaka Juni, mvua na kusi zikisimamisha kazi bichi, meza iko wazi na foleni ni fupi, leteni pampu wakati huo.