Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitufe cha Kuzima Mfumo wa Uthabiti

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Jinja na Mbarara alfajiri katika mvua hii. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na orodha ya safari zetu za mwaka mnayo mkononi, sitairudia. Mwenye deni la ada amwone katibu kabla hatujafunga mkutano.

Muda wangu mwingi nautumia kwa jambo moja lililotugawa mwaka mzima: kitufe cha kuzima mfumo wa uthabiti, yaani ule unaolizuia gari lisiteleze na kuacha njia. Wapo wanaosema gari la michezo halina ladha mfumo ukiwa umewashwa, na kwamba udereva unaanza pale unapouzima. Wapo wanaosema anayeuzima anatafuta jeneza. Nimewasikiliza wote. Leo natoa msimamo wangu, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku masika yalipoanza. Natoka Jinja narudi Kampala jioni, na Toyota 86 yangu mnayoijua: injini iko mbele, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma. Kabla ya kuondoka Jinja, gari limesimama, nilibonyeza kile kitufe kwa sekunde tatu mpaka taa ya VSC OFF, yaani mfumo umezimwa, ikawaka. Barabara ilikuwa kavu na nilitaka kulisikia gari. Nilipoingia msitu wa Mabira nikakuta mvua imetoka kupita. Madereva wa zamani wanaijua mvua ya kwanza baada ya kiangazi: vumbi na mafuta yaliyodondoka miezi yote hiyo yanakuwa kama sabuni juu ya lami. Kona ya kushoto, gia ya tatu, nikaongeza mafuta kidogo tu. Mkia ukachomoka. Nikageuza usukani kulia kuufuata, nikachelewa kuurudisha, gari likajirusha upande wa pili na kuishia mtaroni, pua ikitazama nilikotoka.

Nyuma yangu kulikuwa na lori la miwa. Dereva wake aliniona mapema, akasimama. Angekuwa boda boda amebeba mama na mtoto, nisingekuwa na uso wa kusimama mbele yenu leo.

Siku ya pili nilipoliwasha gari, ile taa haikuwapo. Mfumo hurudi wenyewe kila ukizima injini na kuiwasha upya. Ningesimama Njeru kununua maji tu, nikazima injini na kuiwasha, ningeingia Mabira nikiwa nimelindwa. Jambo hilo linanirudia usiku kuliko ubavu wa gari uliobonyea.

Nimegundua kuwa wengi wetu tunabishana juu ya kitu tusichojua kinavyofanya kazi. Toyota wanakiita VSC, Subaru na Nissan VDC, BMW DSC, Porsche PSM. Kazi ni ileile. Kila gurudumu lina sensa ya mwendo wake. Sensa nyingine inasoma pembe ya usukani, na nyingine zinapima gari linavyojizungusha na linavyosukumwa pembeni. Kompyuta inalinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda. Mkia ukitaka kukupita, inashika breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Pua ikikataa kuingia kona, inashika la nyuma la upande wa ndani. Papo hapo inapunguza nguvu za injini.

Sasa tuulizane: nani kati yetu anaweza kufanya hivyo kwa mguu? Tuna kanyagio moja la breki kwa magurudumu manne. Hata bingwa wa Pearl of Africa Rally hana mguu wa kushika gurudumu moja na kuyaacha matatu. Kwa hiyo maneno kwamba mfumo ni wa wasiojua kuendesha siyakubali.

Ila upande wa pili nao usikie. Mfumo hauongezi mshiko hata chembe. Unagawa tu mshiko ambao tairi bado linao. Tairi likiwa kipara, au mwendo ukizidi kona, kompyuta haina cha kugawa. Mwendo ukiuongeza mara mbili, kona inadai mshiko mara nne. Na kwenye changarawe au marramu iliyolegea, ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, inaweza kukupeleka mbali zaidi kabla hujasimama, kwa sababu gurudumu lililofungwa hujilimbikizia udongo mbele yake na hapo ndipo linaposimamia. Anayekwenda Kapchorwa au Kisoro kwa njia za vumbi alijue hilo.

Teknolojia hii si ngeni. Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza sokoni mwaka 1995, kwenye gari la bei kubwa. Mwaka 1997 Mercedes A-Class ilipinduka huko Sweden katika jaribio la kukwepa mnyama barabarani, na kampuni ikaamua kuufunga mfumo huo kwenye kila A-Class. Marekani waliulazimisha kwa magari mapya mepesi ya mwaka 2012, na Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Taasisi ya usalama barabarani ya IIHS ya Marekani ilikuta unapunguza karibu kwa nusu hatari ya ajali ya kufa ya gari moja peke yake, yaani zile ambazo gari linaacha njia bila kugongana na jingine. Ajali ya namna hiyo, ya gari peke yake, ndiyo iliyonikuta Mabira, ila mimi nilipona. Wenye Altezza na Impreza za zamani ambazo hazina mfumo kabisa, jueni kwamba hamko sawa na aliye nao katika mvua, hata kama mmelingana nguvu za injini.

Siku bora ya mwaka kwangu ilikuwa ile ya mazoezi, kwenye uwanja tulioukodi upande wa Entebbe. Tulimwaga maji, tukapanga koni, mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Asubuhi kila mmoja aliendesha mfumo ukiwa umewashwa, na mwenzake pembeni akiitazama ile taa ya gari linaloteleza kwenye dashibodi. Dada yetu mmoja mwenye Subaru WRX alikuwa na hakika kwamba kona ya tatu ndiyo anayoipita kwa ulaini kuliko zote. Taa ilikuwa ikimeta palepale kila mzunguko. Alikuwa anakanyaga mafuta kabla hajaunyoosha usukani. Alipojizuia kwa muda wa pumzi moja, taa ikanyamaza, na gari likawa linatoka kwenye kona mapema zaidi. Mchana ndipo tukauzima, mmoja mmoja, na yeye ndiye pekee ambaye gari lake halikuzunguka hata mara moja. Nilijifunza kwake kwamba taa ile ni mwalimu, na hufaidiki naye ukimfukuza kabla hujamsikiliza.

Mahali pengine pa kukibonyeza kitufe ni tope. Gari likikwama na magurudumu yananyimwa nguvu, bonyeza kwa kifupi uondoe udhibiti wa kuzunguka kwa magurudumu, toka kwenye tope, kisha urudishe.

Lipo jambo linaloniudhi sana. Mwanachama mwenzetu alinunua gari, na fundi wa gereji aliyelikagua kabla ya kuuzwa alikuwa ameng'oa balbu ya taa ya mfumo ili hitilafu isionekane. Sensa ya usukani ilikuwa imekufa. Ndugu yetu aliendesha miezi mitano akiamini amelindwa. Vilevile acheni kuchanganya matairi ya saizi tofauti mbele na nyuma kinyume na kipimo cha gari, kwa sababu sensa zinadanganyika. Na ukitoka kupanga magurudumu, hakikisha sensa ya usukani imesawazishwa upya.

Kamati inapendekeza kanuni hii: katika msafara wowote wa chama, iwe Masaka, Jinja au njia ya Entebbe, mfumo uwe umewashwa. Kuuzima ni uwanjani tu, kwa aliyekwisha kupita zoezi la asubuhi. Nimejiondoa kuongoza misafara tangu mwezi wa tatu, na sitarudi mbele mpaka mkufunzi wa chama aniruhusu.

Karatasi za kura ziko kwa katibu. Kabla ya kuandika chochote, naomba kila mmoja atoke hadi kwenye gari lake, aweke swichi bila kuwasha injini, na atazame dashibodi. Taa ya mfumo lazima iwake, na injini ikishawaka izimike baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, nifuateni hapa mbele. Fundi tuliyemwalika anasubiri na mashine yake ya kupima.