Kidunda: miche haitoshi kuufidia Mto Ruvu

Mhariri,

Bwawa likitajwa, fidia ya mazingira huishia kwenye picha ya kiongozi ameshika mche. Kwa Bwawa la Kidunda la Mto Ruvu, Morogoro, hilo halitoshi.

Bwawa limesanifiwa kubeba lita bilioni 190. Ruvu Juu na Ruvu Chini, mitambo ya kusafisha maji ya Dar es Salaam na Pwani, ikizalisha kwa uwezo wake wote, hutoa lita milioni 466 kwa siku. Kwa hesabu ya mezani, bwawa lililojaa ni maji ya siku 400 na ushei, kabla hujatoa yanayokwenda na jua, tope la chini na mgao wa mto wenyewe, yaani maji ya kuachiwa yatiririke chini ya ukuta.

Mgao huo ndio unaosahaulika. Bomba la kuupeleka mtoni lijitegemee. Likitegemea mtambo wa umeme wa bwawa peke yake, siku mtambo unapozimwa kwa matengenezo samaki hubaki kwenye madimbwi. Liwe na vali mbili: ya kupunguza na kuongeza, na nyingine upande wa bwawa ya kufungia wakati wa ukarabati. Mita iwepo, na usomaji wake ubandikwe vijiji vya chini ya ukuta. Tena mtiririko usiwe uleule mwaka mzima, maana samaki huzaliana kwa kufuata mafuriko ya masika, na mikoko ya Bagamoyo huhitaji maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na tope.

Milango ya kuchotea iwe ya vina tofauti. Maji ya chini kabisa hukosa hewa, hasa vichaka vikifyekwa na kuachwa vioze humohumo; ukiyafungulia mtoni, yanaua. Magogo yatolewe kabla ya kujaza.

Kwenye mradi wa umeme wa Kihansi tulishaona. Maji yalipohamishiwa mitambo ya umeme, korongo lilikosa manyunyu ya maporomoko. Vinyunyizio vikafungwa baadaye, lakini kufikia 2009 chura wa Kihansi, aliyeishi kwa manyunyu hayo, alitangazwa kutoweka porini; waliorudishwa 2012 walitoka kwenye bustani za wanyama Marekani.

Miti ipandwe, lakini Uluguru, kwenye vyanzo na kingo za vijito, pamoja na matuta mashambani ili udongo usishuke bwawani. Iwe ya asili. Mikaratusi kwenye chanzo cha maji ni kujiibia. Na mkandarasi alipwe kwa miche iliyo hai baada ya viangazi vitatu, si kwa mashimo yaliyochimbwa.

Mhandisi wa maji,
Morogoro