Seli zikifa kwenye friza, chanjo isisingiziwe

Ndugu Mhariri,

Habari za chanjo magazetini huishia kwenye kingamwili, ambazo hukaa kwenye majimaji ya damu na kugandishwa bila taabu. Seli T, yaani seli nyeupe za damu zilizo sehemu ya kinga ya mwili, hazina uvumilivu huo. Siku ya kipimo lazima ziwe hai, kwa kuwa tunachotazama ni kama zitaamka zikikutanishwa na kipande cha kirusi. Iliyokufa haijibu kitu, na taarifa ikiandikwa kizembe, mwenye damu ataonekana hana kinga.

Uharibifu huanza mapema, kwenye mrija. Damu yenye heparini, dawa ya kuizuia isigande, ikae kwenye joto la chumba, isiingizwe kwenye friji, na seli zitenganishwe kwa mashine ya kuzungushia ndani ya saa 8. Ikilala hadi kesho yake, granulosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, hupungua uzito. Badala ya kuzama pamoja na seli nyekundu, hubaki kwenye utando wa seli T, mweupe na mwembamba kama wingu, unaoelea chini ya plazma ya manjano, na humo huzidhoofisha seli T. Breki ya mashine hiyo nayo izimwe, la sivyo utando unavurugika kabla hujaufikia kwa pipeti.

Baada ya kuosha na kuhesabu, seli milioni 5 hadi 10 huwekwa kwenye mililita moja ya seramu baridi yenye kemikali ya DMSO asilimia 10. DMSO huzuia barafu ndani ya seli, lakini ikiwa bado haijaganda ni sumu kwa seli zile zile. Ukishachanganya, usiende kupokea simu: vichupa viingie kwenye kopo la kugandishia ndani ya dakika chache.

Joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi -80. Likishuka haraka mno, maji hayapati muda wa kutoka na fuwele za barafu huchana seli kwa ndani. Likishuka polepole mno, seli hunyauka kwa kukaa kwenye chumvi kali. Isopropanoli, alkoholi iliyomo kwenye kopo la kugandishia ili joto lishuke taratibu, ibadilishwe kila baada ya matumizi 5, jambo linalosahaulika sana.

Friza ya -80 ni kituo cha kupitia tu. Kesho yake vichupa vihamie kwenye mvuke wa nitrojeni, wenye baridi kali zaidi. Huko nako, kila boksi linapoinuliwa kutafuta kichupa kimoja, majirani zake hupata joto, na madhara yake hayaonekani kwa macho.

Kuyeyusha ni kinyume chake, haraka: maji ya nyuzi 37, ukikitikisa kichupa taratibu hadi kibaki kipande cha barafu kama punje ya mchele. Kisha maji ya lishe yenye uvuguvugu yaongezwe tone kwa tone. Ukimimina yote kwa mkupuo, seli iliyojaa DMSO hunywa maji, huvimba na kupasuka.

Ombi langu kwa maabara na kwa waandishi wa habari za afya ni moja. Kila matokeo ya seli T yataje asilimia ya seli zilizokuwa hai baada ya kuyeyushwa na kupumzishwa usiku kucha, na yaeleze kama ziliitikia kichocheo cha jumla kama PHA, ambacho huamsha karibu kila seli T nzima. Kama hata hicho hazikukiitikia, kipimo kimeharibika. Kiandikwe hivyo, wala kisihesabiwe kuwa mtu hana kinga.

Mtaalamu wa maabara