Kaka anapindisha kanuni za gemu na mimi ndo msimamizi, nifanyeje?

Habari zenu wadau, naandika kutoka Tanga, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima raha kweli. Tuna kikundi chetu tunacheza Dungeons & Dragons jumamosi baada ya isha, Ngamiani, barazani kwa binamu yangu. Kwa msioijua, ni gemu la mezani la Kimarekani lipo tangu 1974, kila mtu ana mhusika wake, mmoja anakuwa msimamizi anasimulia hadithi, na penye mashaka inarushwa dadu ya pande 20. Msimamizi ni mimi.

Shida ni huyo binamu. Kanizidi umri, namwita kaka, dadu kanunua yeye, na kanuni kazisoma kuliko sisi wote. Haibi, hilo nataka lieleweke, dadu anarusha watu wote wanaona. Ila anachukua maneno ya kitabu anayavuta mpaka yanasema kitu ambacho hakuna aliyekikusudia.

Juzi nimewaandalia maharamia wamejificha pangoni, nimelichora kama Mapango ya Amboni kabisa, na popo na zile njia za kuinama. Wamemfikia nahodha, ndo kwanza anaanza kuongea, kaka anasema natumia uchawi wa kutengeneza maji. Ule ni uchawi mdogo tu wa ngazi ya kwanza, unatoa maji hadi galoni 10, kama lita 38 hivi, ndani ya chombo kilicho wazi. Yeye anasema mapafu ya nahodha ni chombo, mdomo kaufungua anaongea, kwahiyo chombo kiko wazi, kafa. Nikasema hapana kaka, mapafu sio chombo. Akafungua simu anasoma neno kwa neno, nionyeshe palipoandikwa mapafu sio chombo, nionyeshe, mpaka kahawa ikapoa na gemu likafia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wetu mmoja, mhusika wake ndo alikuwa anamtafuta huyo nahodha aliyemuulia baba, hadithi yake yote ilikuwa inakuja kuishia pale, akakaa kimya anazungusha dadu mkononi kisha akaaga akaondoka. Na wengine nao wameanza, kila uchawi wanautafutia tundu.

Kitabu kipya cha msimamizi cha 2024 kiko upande wangu, kinasema wazi kanuni za gemu sio fizikia na zinataka kusomwa kwa nia njema. Lakini nikimsomea hayo mbele ya vijana ntakuwa nimemvunjia heshima, tena kwake. Rafiki yangu mmoja kaniambia nimrudishie, maharamia nao wamjaze maji mapafuni. Sitaki, hapo tutakuwa tunakomoana, hatuchezi tena.

Kumtoa pia sitaki, akisimulia mhusika wake anavyoongea watu wote tunanyamaza tunamsikiliza, anajua kweli.

Nawaza nimfuate peke yake mchana, nimweleze habari ya yule dogo, maana sidhani kama aliona. Aliyewahi kusimamia gemu na mkubwa wake yupo mezani, maongezi hayo uliyaanzaje? Na walioandika kanuni za kikundi chao, mliziandikaje zisionekane zimemlenga mtu mmoja?