Kabla ya kununua kayaki ya kuchezea, panda kwanza mizani

Mheshimiwa Mhariri,

Salamu kutoka Bukavu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi lakini kuandika njo mara ya kwanza, na nimeandika juu ya vijana wananisimamisha huku chini Nguba kila nikitoka ziwani na kayaki yangu fupi kwenye bega (kamtumbwi ka plastiki ka mtu mmoja, ka kuchezea sarakasi juu ya mawimbi ya mto), wote na swali moja, mukubwa mi pia nataka ya kuchezea kama hiyo, nichukue modeli gani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja barabarani na maji inanitiririka, basi naomba nafasi kwenye gazeti nijibu mara moja.

Mi huwa namuuliza kwanza, uko na kilo ngapi? Wanacheka. Lakini hata mi nilicheka siku ile kule Jinja, Uganda, nilikuwa nimeshamaliza miezi nikijifunza kwenye Nile, najua kujipindua na kurudi juu bila kutoka ndani, nimeanza kujiona mtu, na jamaa mmoja alikuwa anauza kayaki yake ya okazioni, yaani imeshatumika. Huyo jamaa anapiga sarakasi kwenye wimbi mpaka watu wa kwenye rafti, ile mitumbwi ya kujaza hewa, wanapiga kelele. Nikasema nikiwa na kayaki yake nitafanya kama yeye. Yeye ni kilo 55, mi wakati ule 74. Nilikaa ndani magoti ikafa ganzi, mkia unazama kila nikigusa maji yanayopanda, napinduka nageuka napinduka tena, siku nzima nimeona samaki kuliko watu. Hela ilikuwa imeshaenda.

Mambo yenyewe iko hivi. Kayaki ya kuchezea haifiki mita 2, nyingi ni sentimita 170 mpaka 190, chini yake ni bapa ili iteleze juu ya wimbi, kingo ni kali, pua na mkia vyembamba ili uweze kuvizamisha kwa makusudi, na hewa nyingi imerundikwa katikati pale unapokaa ili ikurushe juu. Ile hewa wanaipima kwa lita. Mtu wa kilo 70 na kitu mara nyingi anakaa kwenye lita 200 kupanda kidogo, na kila kiwanda kinaandika modeli fulani ni ya kilo kuanzia ngapi mpaka ngapi. Usome hiyo. Na ujipime ukiwa umevaa kabisa, jile ya kuelea, kaske ya kichwani, viatu, ile jupi ya kuzuia maji isiingie (ndiyo jina lake, ni sketi, wanaume tunaivaa na hatuoni haya). Ukiangukia katikati ya saizi mbili na bado uko unajifunza, chukua kubwa. Bingwa anachukua ndogo ili ageuke haraka, wewe bado unatafuta kubaki wima, na wakubwa wa kazi kama Eric Jackson wa Marekani, bingwa wa dunia mara 4, usiangalie wanakalia nini, angalia kwanza wamekaa miaka mingapi.

Halafu uingie ndani yake, si kuiangalia. Na viatu utakavyovaa mtoni maana kwenye hizi fupi miguu njo inakosa nafasi kwanza, watu wananunua halafu wanajua kwamba namba 44 haiingii. Ukae dakika 20, kama kiatu cha soko la Kadutu, kikibana dukani hakitalegea nyumbani. Nyonga zishikwe lakini usibanwe, ukiinamisha nyonga kayaki iiname nayo. Ya okazioni uigeuze, ubonyeze chini ya kiti na kidole gumba, plastiki ikiingia ndani na kubaki vile, imechoka. Uangalie nyufa hapo hapo na kwenye kingo za nyuma. Mikwaruzo haina shida, kayaki bila mkwaruzo ni ya mtu haendi mtoni.

Sasa kitu kinanitisha. Vijana wengi wakisema nataka ya kuchezea wanafikiri mto Ruzizi, maana inatoka hapa hapa chini ya miguu yetu. Wapendwa, ziwa letu la Kivu liko mita karibu 1,460 juu ya bahari, ziwa Tanganyika, kule mto unaishia, iko 770 hivi, na sehemu kubwa ya ule mteremko maji inaumaliza kati ya hapa na Kamanyola, kwenye korongo. Hiyo si maji ya kuchezea, hiyo ni maji ya kuanguka, mtu anayeijua kazi anaingia na kayaki ndefu ya mita 2 na nusu, nono, pua imepinda juu, inazama na kuibuka yenyewe. Yetu fupi ikizama haina haraka ya kurudi. Tena kuko mabaraji, zile kuta za kuzuia maji kwa ajili ya umeme, Ruzizi ya kwanza ya mwisho wa miaka ya 1950 na ya pili ya 1989, maji chini ya baraji inaweza kupanda ukiwa ndani yake, na mto wenyewe ni mpaka, askari wa pande mbili hawajui kwamba wewe unacheza. Ukishuka kwenye bonde kuko mamba. Mwaka 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, mtu aliyejua mito ya Afrika kuliko sisi wote, alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga, hapa hapa Kongo, akiwa ndani ya kayaki. Sijasema hivyo kumtisha mtu, nasema tu kwamba ufundi wa wimbi ni kitu kingine.

Basi kayaki fupi hapa kwetu ni ya ziwani, kujizoeza kujirudisha juu, kusimamisha pua, kuzungusha kama gurudumu, na siku ukipata nauli unaenda nayo Uganda. Na hata kule wimbi si la milele, maporomoko ya Bujagali yalimezwa na baraji, ilianza kazi 2012. Ndiyo maana kwa mtu wa kati kama sisi, mwenye hela ya kununua moja tu, mi namshauri ile ya kati, mita 2 na robo hivi au kuzidi, mbele nono nyuma nyembamba. Inacheza kidogo, inatembea, haikuadhibu kwa kila kosa. Na hii fupi kwenye maji tulivu ni polepole vibaya, asubuhi moja wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wamenipita wanaimba, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja, mi napiga kasia kama mtu anafukuzwa.

Ile ndogo niliyonunuliwa na kiburi bado iko kwa shemeji yangu, imelala juu ya tangi la maji. Kama kuko kijana wa kilo 50 anayejua kuogelea na kujirudisha juu, aje aijaribu, sitaki pesa, lakini jile na kaske aje navyo.

Msomaji wenu wa Nguba, Bukavu