Thamani ya shamba la michikichi

Ujiji, Kigoma

Rafiki yangu mpendwa Zuhura,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumai kwamba wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima. Barua yako imenifikia, na tangu niisome sijaacha kuifikiria. Unaniuliza shamba la marehemu baba yenu, ambalo barabara mpya itapita juu yake, lina thamani gani, ili mtakapokaa kikao cha familia mjue kama fidia inatosha. Swali lako ni moja, lakini ndani yake mna maswali kadhaa, na nahofia kikao kitaishia kujibu lile jepesi tu.

Jepesi ni lile la mthamini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa, na msingi wake ni bei ya soko. Juu ya bei hiyo huongezwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa gharama ya kuhamisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na kwa mwenye nyumba, posho ya malazi inayolingana na kodi ya pango ya miezi 36. Ikiwa karatasi mliyoonyeshwa inataja michikichi na nyumba pekee, ulizeni ardhi yenyewe imeandikwa wapi. Zamani fidia ilihesabu kilichopandwa au kujengwa, na udongo mtupu haukuhesabiwa kitu. Ni sheria hii iliyotamka wazi kwamba haki ya mtu juu ya ardhi ina thamani. Msimamo wa zamani haukutokana na dharau, maana Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958 kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu, akipinga isigeuzwe bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa. Naliheshimu sana wazo hilo, lakini aliyeondolewa shambani kwake hakupata nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba udongo wake haukuwa na bei.

Sasa nije kwa mama, ambaye katika barua yako umemtaja mara moja tu, tena mwishoni. Msimu uliopita nilimkuta uani akichambua chikichi kwenye mikungu, pipa likiwa tayari motoni, na mikono yake imekuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Mawese yanayotoka hapo ndiyo mboga ya nyumba ile na ndiyo ada ya wajukuu. Kokwa huanikwa, zikapasuliwa, zikatoa mafuta mengine ya kutengenezea sabuni. Makapi huwashia moto wa siku inayofuata, na njiti za makuti hufungwa mifagio. Mthamini ataandika idadi ya miti, umri wake na hali yake, na ndivyo kazi yake inavyomtaka. Kwamba mama hajawahi kununua mafuta ya kupikia tangu aolewe, hilo halina safu katika jedwali lake.

Wataalamu wa uchumi walihangaika na jambo hili muda mrefu. Adam Smith alieleza mwaka 1776 kwamba hakuna kitu chenye manufaa kuliko maji, ilhali maji hayanunui karibu chochote, na almasi, ambayo haina matumizi makubwa, hubadilishwa kwa mali nyingi. Jibu lililokubalika lilichapishwa mwaka 1871, mwaka uleule Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji: Jevons wa Uingereza na Menger wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba thamani ya kitu kwa mtu hutegemea kiasi alicho nacho tayari na haja ambayo ingebaki bila kutimizwa kama angekikosa. Naliona jibu hilo katika familia yenu. Kaka zako wawili wana mishahara na nyumba Dar es Salaam, na kwao shamba hili ni mali moja kati ya nyingi. Mama hana lingine. Mti uleule, siku ileile, una uzito tofauti kwake na kwao, na wala hakuna anayedanganya. Ndiyo maana sikubaliani na pendekezo la kaka yako mkubwa la kugawa fidia sawa kwa sawa, hata kama kwa hesabu linaonekana la haki. Fedha hizo kwanza zimnunulie mama shamba lingine lenye michikichi inayozaa, kwa sababu hata miche ya kisasa ya tenera, inayosifiwa kwa mafuta mengi, huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na miaka mitatu kwa umri wake ni mingi.

Limebaki kaburi la baba. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 hulipa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na za ibada au tambiko linaloambatana na kazi hiyo, na inakomea hapo. Wengine huona ni uchoyo. Mimi naona ni afadhali, kwa kuwa haijathubutu kumwekea marehemu bei. Lakini mnapaswa kukubaliana mapema atazikwa wapi na nani atasimamia, tena kabla hamjafika kwenye mazungumzo ya fedha, ili mambo hayo mawili yasichanganyike mezani.

Njoo kabla ya siku ya kutia saini, Zuhura. Tupite shambani pamoja na mama na mwenyekiti wa kijiji, tuhesabu miti mmoja mmoja tukilinganisha na jedwali, na mama mwenyewe aseme mbele ya watoto wake anataka kuhamia wapi. Chumba chako kipo tayari, na mama nimekwisha kumwambia kwamba nimekuandikia.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Tatu