Shangazi, tiketi mbili za paking zimetugawa nyumbani: nipinge, nilipe au ninyamaze?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Uingereza mwaka wa 11 sasa, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Jina la mji wetu nimeliacha makusudi, kwa sababu haya yanamgusa shemeji yangu, naye bado ni mgeni huku. Nina tiketi mbili za paking. Siku za kulipa kwa bei nafuu zinakatika, na ndani ya nyumba kila mtu ana lake.

Ya kwanza ni ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Kuna bibi wa miaka 91 ninayekwenda kumwogesha na kumpa dawa kila Jumanne na Alhamisi. Mtaa wake ni wa wakazi peke yao, huachi gari bila kibali, kwa hiyo yeye hununua vibali vya wageni, vile vikadi unavyokwangua tarehe kwa sarafu, na hunipa kimoja kila nikifika. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Nilikwangua, nikakiweka juu ya dashibodi, nikabamiza mlango nikakimbia, maana nilikuwa nimechelewa dakika kumi na bibi huwa na wasiwasi nikichelewa. Kurudi, nakuta bahasha ya njano imegandishwa kwenye kioo. Kikadi kiliruka mlango ulipofungwa, kikaangukia kifudifudi kwenye ule ufa kati ya dashibodi na kioo cha mbele. Hata picha za mkaguzi, ambazo unaziona kwenye tovuti ya kaunsili ukiingiza namba ya tiketi, zinakionyesha: mgongo mweupe wa kikadi uko wazi kabisa, upande wenye tarehe umelala chini.

Pauni 70, au 35 nikilipa ndani ya siku 14. Leo ni siku ya nane.

Ya pili ni ya kampuni binafsi. Shemeji, mdogo wake mume wangu, yuko chuoni na nimemwingiza kwenye bima ya gari langu. Tarehe 3 mwezi huu alikwenda kununua godoro kwenye maduka ya nje ya mji. Akapaki, akalipa pauni 2.40 kwenye mashine kwa kadi yake ya benki. Mashine ikamtaka aandike namba ya gari, naye penye sufuri akabonyeza herufi O. Basi kamera ya mlangoni ikasoma sufuri, mashine ikatunza O, na kompyuta yao ikahesabu kwamba gari langu limeingia na kutoka bila kulipa hata senti. Barua imekuja kwa jina langu kwa kuwa gari limesajiliwa kwangu: pauni 100, au 60 nikilipa ndani ya siku 14.

Ukiziweka karatasi hizi sambamba juu ya meza, Shangazi, utadhani ni pacha. Zote zina herufi PCN kwa wino mzito, CN ikiwa "charge notice", yaani notisi ya malipo, zote zina vitisho vya aina moja. Kumbe P ya kaunsili ni ya "penalty", neno la adhabu, na nyuma yake kuna sheria ya mwaka 2004. P ya kampuni ni ya "parking", neno paking tu. Hiyo si faini hata kidogo, ni dai la mkataba: wanasema ulipoingia kwenye uwanja wao uliliona bango, ukakubali masharti, ukayavunja. Nimelieleza hili nyumbani mara tatu na bado watu wanazungumza kana kwamba ni kitu kimoja.

Mume wangu alifika nchi hii mwaka 2008. Alipoiona ile barua ya kampuni aliikunja akaitupa kwenye pipa, nikaiokota ina majani ya chai. "Hizo hazilipwi," akasema, "watakuandikia mpaka wachoke." Simlaumu, maana alipofika ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ilikuwa na haki ya kumdai dereva tu, na dereva haikumjua. Nguvu yao ilikuwa kufunga magari minyororo. Lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2012, katika England na Wales, kufunga gari minyororo kwenye uwanja wa mtu binafsi kumepigwa marufuku, na badala yake kampuni zikapewa njia ya kumdai aliyesajiliwa na gari kama dereva hajulikani. Halafu mwaka 2015 bwana mmoja, Barry Beavis, aliyezidisha dakika 56 kwenye uwanja wa maduka huko Chelmsford, alifika mpaka Mahakama ya Juu kupinga dai la pauni 85. Akashindwa. Tangu hapo huwezi tena kumwambia hakimu kwamba kiasi ni kikubwa mno ukategemea hilo likuokoe.

Na mimi nimeona kwa macho yangu yanayowapata wanaonyamaza. Kwenye kikoba chetu cha akina mama kuna mwenzetu alipuuza barua za kampuni, kisha akahama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye usajili wa gari. Madai ya mahakama yakapelekwa nyumba ya zamani, yeye hajui, hakimu akatoa hukumu bila upande wake kusikika. Alikuja kuijua alipotaka kupanga nyumba nyingine na wakala akachungulia rekodi yake ya mikopo. Hukumu ya namna hiyo hukaa kwenye rekodi miaka sita, isipokuwa ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja. Yeye mwezi ulikwisha zamani.

Mwenzetu mwingine alipuuza ya kaunsili mwaka 2022, akidhani nayo ni zilezile. Huko hakuna kupelekwa kwa hakimu usikilizwe kwanza. Pauni 70 ziliongezwa nusu yake zikawa 105, deni likasajiliwa kwenye kituo kimoja cha mahakama ambacho hushughulikia deni hizi, likaenda kwa madalali wa mahakama. Barua ya dalali ilikuwa pauni 75, dalali kufika mlangoni 235. Alifika saa 12 na nusu asubuhi, watoto wako kwenye sare za shule, gari lishafungwa mnyororo. Alitoa zaidi ya pauni 400 siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyepigiwa simu kuombwa sehemu ya hiyo pesa, nikamsikia mtoto wake akilia nyuma.

Kwa hiyo kunyamaza nimekukataa, kwa karatasi zote mbili. Ninachokuletea ni namna ya kuzijibu.

Ya kaunsili nadhani naiona njia, ila nataka jicho la pili. Nikiandika pingamizi sasa, kabla ya siku 14, kwa desturi wakinikatalia hunipa tena nafasi ya kulipa nusu. Hapo sipotezi kitu. Bibi mwenyewe ameniandikia barua kwa mkono unaotetemeka, kwamba kibali kile alinunua yeye na alinipa siku hiyo, na kikadi chenyewe ninacho, tarehe imekwanguliwa vizuri. Swali ni baada ya hapo. Wakikataa, nikitaka kuendelea lazima nisubiri barua rasmi inayokuja kwa mwenye gari, nipewe siku 28 za kupinga tena, na wakikataa tena niende kwenye baraza la rufaa, Traffic Penalty Tribunal kwa sisi tulio nje ya London. Kwenda huko ni bure, lakini ile nusu bei inakuwa imeshapotea. Na mwamuzi wa baraza anafuata sheria: kibali kilionekana au hakikuonekana? Hakikuonekana. Habari ya upepo na bibi anayesubiri ni ya kaunsili kuionea huruma, mwamuzi hana mamlaka ya kufuta tiketi kwa huruma.

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Kibali kililipiwa. Pauni 35 ni karibu saa tatu za kazi yangu. Mume wangu anasema lipa hiyo, tupa ile. Dada wa msikitini anasema lipa zote ulale usingizi. Mimi najiona nikiandika pingamizi la kwanza kwa nguvu zangu zote, na wakikataa nilipe 35 niishie hapo. Je, ni busara, au ni kukata tamaa mapema?

Ya kampuni ndiyo inayoninyima usingizi.

Nina njia mbili za kujitetea, Shangazi, na zinapigana. Ya kwanza ni ya tarehe. Sheria ya 2012 inasema, kama hawakubandika kitu kwenye kioo, barua lazima imfikie aliyesajiliwa na gari ndani ya siku 14 baada ya gari kupaki, la sivyo hawawezi kumdai yeye, wamtafute dereva. Shemeji alipaki tarehe 3. Barua yao wameiandika tarehe 19. Ilikuwa imeshachelewa hata kabla ya kutiwa kwenye bahasha. Mimi kama mwenye gari naweza kuandika mistari minne tu: mmechelewa, hamnidai, na jina la dereva siwajibiki kuwatajia. Na ni kweli, polisi wakiuliza nani aliendesha lazima uwajibu, kampuni ya paking hapana.

Njia ya pili ni ukweli wenyewe: ililipwa. Masharti ya vyama vya kampuni hizi yanasema kosa dogo la kuandika namba, kama sufuri kuwa O, lifutwe mtu akipinga na kuonyesha kwamba alilipa. Lakini tiketi ya mashine shemeji aliitupa. Ushahidi uliobaki ni taarifa ya benki yake, pauni 2.40, jina lake juu ya karatasi. Nikiipeleka hiyo, nimewaonyesha dereva kwa kidole. Wakiikubali, yamekwisha kwa heri. Wakiikataa, na nimesikia wapo wanaokataa hata hilo, ule mlango wa tarehe nimeufunga kwa mkono wangu, na sasa wanayemdai ni yeye.

Wakikataa kuna rufaa ya pili kwa chombo cha chama chao. Kwa kampuni hii ni POPLA, nacho ni bure, na uamuzi wake unaibana kampuni lakini haukubani wewe. Nikitegemea tarehe naamini nitashinda huko. Lakini nina swali la moyo, si la sheria tu. Najua fika nani aliendesha. Kukaa kimya juu ya jina, huku nikijua, ni uongo? Au ni kutumia haki ambayo bunge limenipa, dhidi ya kampuni inayomdai mtu pauni 100 kwa herufi moja na hali pesa yake wameshaichukua? Siku nyingine naamka nikiona hivi, siku nyingine naona vile.

Na mwenyewe yuko hoi. Neno mahakama limemwingia, anadhani visa yake itafutwa. Nimemwambia hili ni dai la madai, si jinai, hakuna polisi ndani yake, hakuna mtu anayefungwa kwa kupaki. Ananiitikia "sawa shemeji", lakini haniangalii. Jumamosi usiku amerudi kutoka kazini, ghala moja anakofunga mizigo saa chache anazoruhusiwa, na asubuhi nikainua kopo la sukari nikakuta noti tatu za pauni 20 zimekunjwa mara nne. Hakusema kitu. Sijazigusa, zipo palepale, na kila mtu ndani ya nyumba anachota sukari anajifanya hazioni.

Mume wangu naye amezidi kukasirika, anasema nimemtia mdogo wake hofu kwa kuokota karatasi kwenye pipa. Inaniuma, kwa sababu barua zinakuja kwa jina langu, na hukumu ikitoka itakuwa kwenye rekodi yangu, mwaka huu ambao tunataka kuomba mkopo wa nyumba.

Nisaidie Shangazi. Nijibu kama mwenye gari, kwa tarehe peke yake, bila kumtaja? Au nimkalishe shemeji aandike yeye, kwa jina lake, aeleze sufuri na O na aambatanishe benki, ili ajue nchi hii mtu hutetea haki yake kwa kalamu? Na mume wangu nimwambieje kwamba alichokijua mwaka 2008 kilikuwa kweli, lakini kimebadilika, bila kumvunjia heshima mbele ya mdogo wake?

Pingamizi la kaunsili nimeshaliandika, liko kwenye simu pamoja na picha ya kikadi na barua ya bibi, nalituma kesho baada ya zamu. Lile la kampuni nina matoleo mawili, moja lina jina lake na moja halina, na siku za kupinga kwao ni 28 tangu waandike. Kabla hazijafika, ningependa kusikia neno lako. Na zile pauni 60, hata jibu lako liweje, nataka kumrudishia. Niambie tu nitazirudishaje asijisikie vibaya.

Ni mimi,
Mama Wawili, Uingereza